Jacques Plante: Mlinda Lango Aliyeufunika Uso Wake

Wahenga wetu walikwisha kulitolea suala la ushujaa uamuzi wao waliponena kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Aghalabu methali hii hutumiwa kwa mzaha, kana kwamba ni kisingizio cha wenye miguu myepesi. Hata hivyo, yupo mtu mmoja aliyezaliwa mbali sana na mwambao wetu ambaye maisha yake ya kazi yalikuwa ufafanuzi mrefu wa methali hiyo, japo hakupata kuisikia. Mtu huyo ni Jacques Plante, mlinda lango wa hoki ya barafuni, Mkanada wa jimbo la Quebec ambaye lugha yake ya mama ilikuwa Kifaransa. Alifariki mwaka 1986. Makala haya yanadhamiria kuyasimulia maisha yake, na hasa jinsi alivyolazimika kuthibitisha mbele ya mkufunzi wake, wenzake na maelfu ya watazamaji kwamba anayeukinga uso wake si lazima awe mwoga.

Kabla ya kuendelea, yafaa msomaji aufahamu mchezo wenyewe. Hoki tuijuayo sisi ni ile ya nyasi, na hatukuwa wachanga katika hiyo, kwani katika Kombe la Dunia la mwaka 1971 mjini Barcelona timu ya Kenya ilishika nafasi ya nne. Hoki ya barafuni ni ndugu yake mkali. Wachezaji huteleza kwa viatu vyenye bapa la chuma chini ya soli, na badala ya mpira wa duara huchezea kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi na unene wa inchi moja. Kisahani hicho hugandishwa kabla ya mchezo ili kisidunde ovyo. Kikipigwa na mtu mwenye nguvu huweza kwenda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Lango ni dogo, futi sita kwa nne, na mbele yake husimama mtu mmoja ambaye kazi yake ni kujitia katika njia ya kisahani hicho kwa mguu, kwa mkono, kwa kifua na, inapobidi, kwa kichwa. Katika enzi ya Plante, mtu huyo alivaa mito minene miguuni na glavu kubwa mikononi. Uso aliuacha wazi.

Jacques Plante alizaliwa tarehe 17 Januari, 1929, katika shamba karibu na kijiji cha Notre-Dame-du-Mont-Carmel. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto 11. Baadaye familia ilihamia Shawinigan Falls, mji wa viwanda, ambako baba alipata ajira. Ilikuwa familia maskini. Mama yake alimfundisha kufuma kwa sindano, naye akafuma kofia zake za sufu kwa ajili ya majira ya baridi. Ufundi huo hakuuacha hata alipokuwa mchezaji maarufu. Wenzake walimwona katika vyumba vya kubadilishia nguo na katika safari za garimoshi akifuma kofia, soksi na fulana, wakamcheka. Hakujali. Mtu aliyezoea kuchekwa kwa sababu ya sindano za kufumia alikuwa, bila kujua, akijiandaa kwa kicheko kikubwa zaidi.

Alikuwa na pumu tangu utotoni. Ugonjwa huu ndio uliomwelekeza langoni, kwa kuwa hakuweza kuteleza kwa kasi kwa muda mrefu bila pumzi kumkatika. Gongo lake la kwanza la mlinda lango lilichongwa na baba yake kutoka kwenye mzizi wa mti. Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi alianguka kutoka kwenye ngazi akavunjika mkono, na kifundo chake hakikupona sawasawa kwa miaka mingi. Kwa hiyo tuna mtoto mwenye mapafu dhaifu na mkono uliopinda, katika nchi ambayo kila mvulana alitamani kuwa mchezaji wa hoki. Nafasi yake ya kwanza katika timu ya shule aliipata kwa bahati. Mlinda lango aliyekuwapo alikemewa na mkufunzi, akakasirika, akaondoka, naye Jacques akajitolea kukaa mahali pake. Alipofikia ujana aliilindia lango timu ya kiwanda, kwa malipo ya senti 50 kila mchezo.

Mwaka 1947 alijiunga na timu ya vijana ya Quebec Citadelles. Hapo ndipo ilipoanza tabia iliyokuja kubadilisha namna ya kulinda lango. Mabeki wa timu hiyo walikuwa dhaifu, wakichelewa kukifikia kisahani kilichopita nyuma ya lango. Plante akachoka kungoja. Akaanza kutoka, kukisimamisha kisahani mwenyewe na kumpasia mwenzake. Makocha walishtuka. Kwa mtazamo wa wakati ule, mlinda lango aliyeliacha lango lake alikuwa kama bawabu aliyeondoka mlangoni kwenda kununua maandazi. Lakini Plante alikuwa amefanya hesabu: hatari ya kutoka kwa sekunde mbili ilikuwa ndogo kuliko hatari ya kumwachia adui kisahani. Aidha, aliwapigia kelele mabeki wake kuwaelekeza, na aliinua mkono kuwaashiria kwamba mwamuzi angesimamisha mchezo kwa sababu ya kisahani kilichopigwa mbali mno. Leo walinda lango wengi hufanya hivyo bila kufikiri kwamba kulikuwa na mtu wa kuyaanzisha.

Ni vyema kusisitiza sifa hii, kwa kuwa wasimulizi wengi humfanya Plante kuwa mtu wa tukio moja tu, lile la barakoa. Ukweli ni kwamba barakoa ilitokana na akili ileile iliyomtoa langoni. Alikuwa mtu wa kuhoji mambo yaliyokubaliwa. Kisa kimoja chatosha. Wakati mmoja alidai kwamba malango ya ligi hayakuwa na kimo kimoja, kwa sababu alipoegemea nyuma, mtambaapanya haukumgusa mgongoni mahali palepale katika kila uwanja. Watu waliona ni visingizio vya mtu aliyefungwa mabao. Malango yalipopimwa, ikaonekana alikuwa na haki.

Timu kubwa ya Montreal, Canadiens, ilimwita kwa mara ya kwanza Novemba 1952, akacheza michezo mitatu. Mkufunzi Dick Irvin hakupendezwa na kofia yake ya sufu, na kofia hiyo ikatoweka kimiujiza kabla ya mchezo. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1953 Montreal walikuwa wakishindwa na Chicago katika nusu fainali, michezo mitatu kwa miwili, na kushindwa kumoja zaidi kungewaondoa. Irvin alimweka kando mlinda lango wake wa kawaida, Gerry McNeil, akamweka kijana huyu mgeni. Husimuliwa kwamba mikono ya Plante ilitetemeka hata akashindwa kuzifunga kamba za viatu. Alipoingia uwanjani hakufungwa hata bao moja; Montreal walishinda 3-0, wakashinda pia mchezo wa saba, na hatimaye wakalitwaa Kombe la Stanley. Kuanzia msimu wa 1954 lango likawa lake.

Yaliyofuata yamo katika vitabu vya kumbukumbu. Chini ya mkufunzi Toe Blake, aliyechukua hatamu mwaka 1955, Montreal walilitwaa Kombe la Stanley mara tano mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1960. Hakuna timu nyingine iliyowahi kufanya hivyo. Katika miaka hiyo mitano Plante alipata kila mwaka Tuzo ya Vezina, ambayo wakati ule ilitolewa kwa mlinda lango wa timu iliyofungwa mabao machache zaidi. Tuzo hiyo ina jina la Georges Vézina, mlinda lango wa zamani wa Montreal aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1926. Kwa mtu wa Quebec, kulikalia lango la Vézina kulikuwa karibu na kukalia kiti cha enzi.

Lakini kiti hicho kilikuwa na gharama, na gharama hiyo ililipwa kwa uso. Mwaka 1954, katika mazoezi, kisahani kilichopigwa na mwenzake Bert Olmstead kilimvunja mfupa wa shavu la kulia. Mwaka uliofuata, katika mazoezi vilevile, Don Marshall akamvunja shavu la kushoto pamoja na pua. Msomaji azingatie kwamba hawa walikuwa watu wa timu yake. Kufikia mwisho wa miaka ya hamsini, pua ilikuwa imevunjika mara nne, taya lilikuwa limevunjika, fuvu lilikuwa limepata ufa, na nyuzi alizoshonwa usoni zilikadiriwa kuwa 200. Na hakuwa peke yake. Ligi ilikuwa na timu sita tu, maana yake ni kwamba katika dunia nzima palikuwa na nafasi sita za mlinda lango wa daraja hilo. Nyuma ya kila mmoja walisimama vijana wengi wakingoja augue, aogope au azeeke. Mlinda lango aliyejeruhiwa alishonwa na daktari wa uwanja akarudi kucheza, kwa sababu timu haikusafiri na mwingine. Katika mazingira hayo, makovu yalikuwa kama cheti cha kazi. Asiyekuwa nayo alitiliwa shaka.

Hapa sina budi kusema neno kuhusu istilahi. Kifaa alichokivaa Plante tungeweza kukiita kinyago, kwa kuwa kilichongwa kwa umbo la uso wa mtu. Hata hivyo, kinyago kwetu kina maana ya kuficha, kutisha au kuigiza, na Plante hakukusudia lolote kati ya hayo. Barakoa, vazi la kufunika uso lililojulikana zamani kwa wanawake wa Pwani na Ghuba, lina maana ya stara, na stara ni kinga. Nimelichagua neno hilo kwa sababu mgogoro mzima ulihusu swali hilihili: je, mtu yule alikuwa akijificha au akijikinga?

Plante hakuwa wa kwanza. Mwaka 1930 Clint Benedict wa timu ya Montreal Maroons, aliyekuwa amevunjwa pua na shavu, alivaa barakoa ya ngozi kwa michezo michache tu, ikamzuia kuona, akaiacha. Kwa karibu miaka 30 baada yake hakuna aliyeivaa katika mchezo wa ligi hiyo kuu. Plante mwenyewe alianza kuvaa kinga za plastiki katika mazoezi mnamo 1956. Blake alimruhusu, kwa sharti kwamba katika mchezo wa kweli aivue.

Haitakuwa haki kumchora Blake kama mtu katili. Alikuwa mchezaji hodari katika ujana wake, na kama mkufunzi aliipatia Montreal makombe manane. Aliamini kwa dhati kwamba barakoa ingemzuia Plante kukiona kisahani kilichoanguka karibu na miguu yake. Aliamini pia kwamba mlinda lango asiyeogopa kuumia hulegea. Hoja ya kwanza ilikuwa ya kitaalamu na iliweza kupimwa. Ya pili ilikuwa imani tu, na ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi, kwa kuwa iliungwa mkono na wasimamizi, waandishi wa magazeti na hata walinda lango wenyewe. Ni jambo la kushangaza kwamba waliotetea kwa ukali zaidi desturi ya kuacha uso wazi walikuwamo miongoni mwa wale ambao nyuso zao zilikuwa zimeharibiwa nayo.

Katika mashindano ya mwaka 1958 Plante alipigwa kwenye paji la uso. Miongoni mwa watazamaji alikuwamo Bill Burchmore, mfanyakazi wa kampuni ya Fiberglas Canada. Siku zilizofuata Burchmore aliwaza kwamba faibaglasi, yaani nyuzi nyembamba za kioo zinazoshikamanishwa kwa gundi kali hadi zikawa ngumu kama mfupa, ingeweza kutengenezwa kwa umbo la uso wa mtu mmoja hasa, ikamkaa kama ngozi ya pili. Alimwandikia Plante barua. Plante hakuichangamkia mara moja, ila katika kiangazi cha 1959 alikubali. Alivishwa soksi ndefu ya kike kichwani, akapakwa mafuta, akawekewa mirija mdomoni apate kupumua, kisha uso wake ukafunikwa kwa plasta kama ile ifungwayo kwenye mguu uliovunjika. Fikiria mtu mwenye pumu akilala chini ya plasta hiyo, akipumua kwa mirija. Kutokana na umbo hilo, Burchmore alitengeneza barakoa nyeupe yenye uzito wa chini ya nusu kilo, yenye matundu mawili ya macho na moja la mdomo. Haikupendeza. Ilifanana na uso wa maiti.

Tarehe 1 Novemba, 1959, Montreal walicheza na New York Rangers katika uwanja wa Madison Square Garden. Mchezo ulikuwa na dakika chache tu Andy Bathgate, mmoja wa wapigaji hatari wa wakati ule, alipokirusha kisahani kwa upande wa nyuma wa gongo lake, kikampata Plante usoni, kikamchana kuanzia pua kuelekea mdomoni. Miaka mingi baadaye Bathgate alikuja kusimulia kwamba halikuwa tukio la bahati mbaya tupu. Mapema Plante alikuwa amemwangusha, naye alitaka kulipiza kisasi. Damu ikatapakaa kwenye barafu. Plante akatoka kwa miguu yake hadi chumba cha tiba, akashonwa.

Huko ndani ndiko mambo yalikoamuliwa. Blake alimfuata kumuuliza kama yu tayari kurudi. Plante akamjibu kwamba atarudi, lakini kwa sharti la kuvaa barakoa. Asiporuhusiwa, hatarudi. Uwanja ulikuwa umejaa watu wakingoja. Mlinda lango wa akiba aliyekuwapo alikuwa mtu wa ridhaa wa hapohapo New York, na timu ilikuwa bingwa wa misimu minne mfululizo. Blake hakuwa na la kufanya. Alikubali kwa shingo upande, kwa makubaliano kwamba barakoa ingevuliwa jeraha likipona. Baada ya kukawia kwa dakika 20 hivi, Plante alirudi barafuni na uso mweupe usio na hisia. Montreal walishinda 3-1.

Jeraha likapona, barakoa haikuvuliwa. Kila mchezo ulioshindwa ulimpa Plante hoja mpya, na michezo ilishindwa mfululizo, wiki hata wiki. Ni wazi kwamba angefungwa mabao mengi siku zile, mabao ambayo mlinda lango yeyote hufungwa mara kwa mara, lawama zote zingeelekezwa kwenye kile kipande cha faibaglasi. Alikuwa amejiwekea dau ambalo wenzake hawakuwekewa. Mwenye uso wazi alifungwa akasamehewa, ilhali mwenye barakoa alipaswa kuwa bora kuliko alivyowahi kuwa.

Tarehe 8 Machi, 1960, kwa ombi la Blake, Plante alikubali kucheza mchezo mmoja bila barakoa dhidi ya Detroit. Montreal walifungwa 3-0. Mchezo uliofuata barakoa ilirudi, na Blake hakuuliza tena. Mwezi uliofuata Montreal walitwaa lile kombe la tano, wakishinda michezo yote minane ya hatua ya mwisho bila kupoteza hata mmoja. Wapo wanaouona mchezo wa Detroit kuwa uthibitisho wa barakoa. Mimi naona vinginevyo. Mchezo mmoja hauthibitishi kitu, na timu hushindwa kwa sababu mia. Kilichothibitishwa na usiku ule ni kwamba Plante alikuwa tayari kuuweka uso wake wazi tena alipoombwa kwa heshima. Hakukataa kwa hofu. Baada ya hapo hapakuwa na aliyeweza kusema kwamba hakuthubutu.

Mambo hayakunyooka daima. Msimu wa 1960-61 goti lilimsumbua, kiwango kikashuka, akarudishwa kwa muda katika timu ya daraja la chini. Minong'ono ikaanza upya. Mwaka uliofuata akajibu kwa kupata Tuzo ya Vezina kwa mara ya sita pamoja na Tuzo ya Hart ya mchezaji mwenye manufaa makubwa zaidi katika ligi nzima. Ilipita miaka 35 kabla ya mlinda lango mwingine, Dominik Hasek, kuipata tuzo hiyo ya Hart mwaka 1997.

Hatuna haja ya kumpaka Plante rangi ya malaika. Alikuwa mgumu kuishi naye. Alikuwa mpweke na mwenye mkono wa birika, na hakuwa hodari wa kukiri kosa lake bao lilipoingia. Aliamini kwamba hoteli moja ya Toronto ilimwamshia pumu, akadai kulala kwingine mbali na timu. Blake, aliyetaka wachezaji wote chini ya paa moja, alichoka. Juni 1963 Plante alibadilishwa pamoja na wengine wawili, akapelekwa New York, naye Gump Worsley akaja Montreal kati ya wengine. Kwa kejeli ya majaliwa, alikuwa sasa analinda lango la uwanja uleule alikochanwa uso, pamoja na Bathgate katika timu moja. Rangers walikuwa dhaifu. Mwaka 1965 alistaafu akawa muuzaji katika kampuni ya bia.

Hadithi nyingi zingekoma hapo. Desemba ya mwaka huohuo aliombwa kuilindia lango timu ya vijana ya Montreal dhidi ya timu ya taifa ya Muungano wa Kisovieti, iliyokuwa bingwa wa dunia. Vijana wakashinda 2-1. Mwaka 1968, ligi ikiwa imepanuliwa kufikia timu 12, Scotty Bowman wa St. Louis Blues alimshawishi arudi. Alikuwa na umri wa miaka 39. Akishirikiana na Glenn Hall, mkongwe mwenzake, alipata mwaka 1969 Tuzo ya Vezina ya saba.

Tarehe 3 Mei, 1970, katika fainali dhidi ya Boston, kisahani kilichopigwa na Fred Stanfield kilibadilishwa mwelekeo njiani na gongo la Phil Esposito, kikampiga Plante kwenye paji. Barakoa ikapasuka, naye akaanguka na kupoteza fahamu. Alipozinduka hospitalini alieleza kwamba bila barakoa ile angekuwa amekufa. Kufikia wakati huo hapakuwa na haja ya kumshawishi mtu. Terry Sawchuk, ambaye uso wake ulikuwa ramani ya makovu, alikwisha kuivaa tangu 1962. Vijana waliivaa tangu shuleni. Mlinda lango wa mwisho kucheza katika ligi hiyo na uso wazi, Andy Brown, alifanya hivyo mwaka 1974. Plante mwenyewe alianzisha kiwanda cha barakoa katika mji wa Magog, Quebec.

Alichezea Toronto kuanzia 1970, na katika msimu wake wa kwanza huko, akiwa na umri wa miaka 42, alifungwa wastani wa mabao 1.88 kwa mchezo, kiwango bora kuliko cha mlinda lango yeyote wa ligi mwaka huo. Huko alimkuta Bernie Parent, kijana aliyekuwa na kipaji bila mpangilio. Mpweke yule aliyeshutumiwa kwa ubinafsi alikaa na kijana huyo akamfundisha namna ya kusimama, kukadiria pembe na kuwasoma wapigaji. Parent akaja kuiongoza Philadelphia kutwaa Kombe la Stanley mwaka 1974 na 1975. Isitoshe, Plante aliandika kitabu kuhusu ulinzi wa lango, kilichotoka mwaka 1972, katika zama ambapo mafunzo ya nafasi hiyo yalikuwa karibu hayapo. Ligi ilimlipa mlinda lango, ikamshona, ikamlaumu, lakini ni nadra sana iliyomfundisha.

Kisa cha mwaka huohuo wa 1972 kinanivutia kuliko vyote. Mwezi Septemba wachezaji bora wa Kanada walikutana kwa mara ya kwanza na timu ya Kisovieti, na magazeti ya Kanada yalitabiri kwamba Wasovieti wangefungwa vibaya. Kabla ya mchezo wa kwanza mjini Montreal, Plante aliingia na mkalimani katika chumba cha wageni. Akamtafuta mlinda lango wao, Vladislav Tretiak, kijana wa miaka 20, akamchorea ubaoni namna wapigaji wakuu wa Kanada walivyoshambulia na mahali pa kusimama dhidi ya kila mmoja. Sababu inayotajwa ni huruma: aliogopa kijana yule angeaibishwa. Wasovieti walishinda 7-3. Wapo Wakanada waliouona usaliti. Kwa maoni yangu, Plante hakuona mpinzani chumbani mle. Aliona mtu mwingine aliyekuwa karibu kusimama peke yake mbele ya kisahani.

Machi 1973 alihamia Boston, kisha akawa mkufunzi na meneja wa Quebec Nordiques kwa msimu mmoja usio na furaha, kisha akarudi langoni kwa Edmonton Oilers katika ligi pinzani. Katika msimu wa vuli wa 1975, akiwa na miaka 46, alikuwa kwenye mazoezi ya kuanza msimu mwingine alipopata habari za kifo cha mwanawe mdogo. Aliondoka, na hakucheza tena. Katika ligi kuu alikuwa amecheza michezo 837 ya msimu wa kawaida, na katika 82 kati yake hakufungwa hata bao moja.

Miaka yake ya mwisho aliishi Uswisi, katika mji wa Sierre, akisafiri mara kwa mara kuwafunza walinda lango wa timu mbalimbali. Mwaka 1978 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Hoki. Mnamo vuli ya 1985 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo, na tarehe 27 Februari, 1986 akafariki katika hospitali mjini Geneva, akiwa na umri wa miaka 57. Montreal waliistaafisha fulana yake nambari 1 mwaka 1995, miaka tisa baada ya kifo chake.

Alizikwa Sierre. Ilitokea kwamba timu ya watoto kutoka Quebec ilikuwa Uswisi kwa mashindano wakati huo. Jeneza lilipotolewa kanisani, watoto hao walijipanga safu mbili mlangoni wakainua magongo yao yakakutana juu, na mlinda lango akapita chini yake.